Ziwa la Kwetu Halina Mgeni wa Bure

Mwanangu Shabani ndiye aliyenifungia safari hii, na aliifunga pamoja na jibu lake ndani. "Mama, ukifika huko sema ndiyo. Usianze maneno mengi. Barabara itapanda, umeme utapanda, na Zuhura atapata kazi ya maana."

Jibu lenyewe lilihusu ziwa. Kwetu mlimani, juu ya barabara ya Matombo, tuna ziwa dogo. Mtu wa Mwanza akiliona atacheka, atasema ni dimbwi. Acheke tu, ndilo lililotunywesha. Sisi Waluguru ardhi hupita kwa mama: bibi humwachia binti, binti humwachia binti yake, na baba hubaki mgeni mwenye heshima. Mabibi zangu ndio waliolitunza lile ziwa. Sasa mwanamke mkubwa aliyebaki katika ukoo ni mimi, na mimi naishi Mafiga, mjini, nyumbani kwa mwanangu.

Akatokea bwana mmoja wa mjini, Bwana Deo, mwenye baa Kihonda. Aliutaka ukingo wa juu wa ziwa ajenge vibanda vya wageni, na majini aweke boti za kukanyaga kwa miguu. Naye aliahidi kupandisha barabara na umeme mpaka kwetu. Kijiji kikasema mkutano wa Jumamosi utaamua, lakini kwanza lisikike neno la bibi. Zuhura, mtoto wa marehemu binti yangu, ndiye anayelinda ziwa siku hizi. Akanipigia simu: "Bibi, njoo mwenyewe. Neno la simu halina macho."

Ijumaa alfajiri nilitoka na pikapu iliyoleta ndizi sokoni, ikawa inarudi mlimani. Dereva akanifungulia mlango. "Shikamoo, bibi. Kaa mbele na mimi, nyuma kuna beberu."

"Marahaba. Na huyo beberu umemwogesha?"

"Bibi, mimi mwenyewe sijaoga."

Basi tukaenda hivyo, madirisha wazi.

Tulipita Bigwa, pembezoni mwa mji. Kuna kijito pale nilichokuwa nikipumzikia nilipokuwa msichana, nikishuka na mzigo wa ndizi kichwani. Ulikuwa unachota kwa kiganja na kunywa. Sasa wanaoshea magari. Povu linashuka jeupe kama maziwa, na chini yake watoto wanacheza. Nililiangalia lile povu mpaka gari likakata kona.

Baada ya Mkuyuni hewa ilibadilika. Mananasi yamepangwa kando ya barabara, karafuu zimeanikwa juu ya mikeka, na harufu yake inaingia puani mpaka kooni. Nilijikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Dereva akaniuliza, "Vipi, bibi, umemwona mchumba?" Nikamwambia nimeona kwetu.

Barabara ilipoishia nilishuka, nikapanda kwa miguu. Sitaficha: nilipumzika sana. Kila jiwe lililokaa vizuri nililikalia. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha magimbi alinikuta, akapunguza mwendo ili twende pamoja, na hakuonyesha kwamba anapunguza. Huo ndio ustaarabu wa mlimani. Mjini wangekupita, halafu wakupigie honi.

Mchana nilifika ziwani, na nilichokiona kilinisimamisha. Nilitegemea kimya. Nikakuta vijana wa mjini wengi, wengine wa chuo, na pikipiki zao zimeegeshwa mbali kule juu njiani. Walikuwa wamekunja suruali, wamejitwisha makarai ya tope jeusi, wanapanda nayo kwenye migomba huku wakicheka na kupigana picha. Mjukuu wangu amesimama ukingoni na kanga kiunoni, anawaelekeza kama mwalimu wa zamu.

Msichana mmoja mwenye kucha ndefu za kubandika alikuwa analalamika. "Dada, kweli kabisa? Mimi nimekuja kuogelea tu. Ona kucha zangu!"

"Nzuri sana," Zuhura akamwambia. "Zitakusaidia kuchimba."

Wenzake wakaangua kicheko. Msichana akanuna, kisha akachota. Aliporudi kutoka migombani jasho linamtoka, akajitupa majini na nguo zake zote, akapiga kelele ya raha iliyowaamsha ndege kwenye matete.

Jioni tulikula magimbi na perege wa kukaanga, mimi na Zuhura, mlangoni kwake. Nikamwuliza ule ni mchezo gani.

"Si mchezo, bibi. Ziwa linajaa. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba yetu ya juu unashukia humu. Ulipokuwa msichana maji yalikufika wapi pale kwenye jiwe?"

"Shingoni."

"Sasa ni kiunoni. Ndiyo tukakubaliana na wenzangu: anayetaka kuyagusa maji atoe kwanza karai la tope, alirudishe shambani. Mwenyeji, mgeni, diwani, shehe, padri. Wagonjwa na watoto wadogo tu ndio tunawaachia. Na bibi, nikwambie kitu? Aliyetoa tope kwa mikono yake hatupi chupa humu. Sijui kwa nini, lakini hatupi."

Nikaona niseme lililonileta. "Mjomba wako anataka nimkubalie Deo."

Akaacha kula. "Mimi wageni nawapenda. Umewaona leo. Lakini Deo anataka ule upande wa matete, ambako perege wanalea watoto wao. Na anataka kuweka ukuta. Tutakuwa tunabisha hodi kwenye maji yetu."

"Na barabara? Na umeme?"

Akanitolea miiba kwenye samaki wangu, mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikimtolea yeye alipokuwa mdogo. Nikalala na ile ndiyo ya Shabani bado mdomoni, lakini ilikuwa imeanza kuwa chungu.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikusanyika ukingoni. Bwana Deo alikuja na shati jeupe na picha kubwa ya vibanda vyake. Ni mtu mchangamfu, sitamsingizia. Aliamkia wazee wote, akanishika mikono yote miwili. Watu waliipenda ile picha. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Taa hizo zikiwaka usiku, si tutakuwa kama Dar?"

Mzee mmoja akamwuliza kuhusu makarai. Deo akacheka kwa upole. "Wazee wangu, wageni wangu mimi ni watu wakubwa. Hawawezi kubeba tope. Watalipa, na hizo hela zitawalipa vijana wenu wabebe. Kila mtu kwa nafasi yake." Nikaona vichwa vikitikisika kukubali, kimoja hapa, kingine pale. Zuhura aliinamisha uso.

Mwenyekiti akaniita nitoe neno. Desturi yetu, mwanamke mkubwa hasemi juu ya ziwa mpaka ayaguse maji. Tangu jana nilikuwa sijayagusa. Nikavua kandambili, nikainua kanga, nikaanza kushuka. Watu wananitazama, mimi nimenyoosha shingo, najiona bibi kweli.

Zuhura akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, bibi," akasema. Kisha akaninyooshea karai.

Nilidhani amekosea. "La nini?"

"La tope."

Umati ukaguna. Uso uliniwaka moto. "Mimi? Niliyekulisha uji ukiwa na jino moja? Maji haya ni ya mama wa bibi yangu!"

"Ndiyo, bibi." Sauti ilikuwa inamtetemeka, na karai linatetemeka pamoja nayo, lakini hakulishusha. "Kama huwezi, sema tu huwezi. Wasioweza tunawaachia."

Hapo Deo akaja, akanishika bega. Nadhani alitaka kunisaidia. "Jamani, msimdhalilishe mama wa watu. Mwacheni apite. Mimi namlipia."

Wasomaji wangu, lile neno ndilo lililonipiga. Namlipia! Nilipiwe ili nikanyage maji ya kwetu? Nikamwangalia Deo, nikamwangalia yule mtoto na karai lake. Nikaelewa kwamba kijiji kizima kilikuwa kinangoja kuona kama kuna mtu anayepita bure. Kama yupo mmoja, watakuwa wote.

Nikaikunja kanga yangu ya begani nikafanya ngata ya kichwani. "Jaza," nikamwambia Zuhura. "Na usinionee huruma."

Alinionea kidogo, niliusikia uzito wa karai, halikujaa. Lakini nilipanda nalo. Tope lilinichuruzikia sikioni na shingoni, baridi, likinuka majani yaliyooza. Nyuma yangu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakapokea wengine, mpaka mlima ukaitikia. Nikalimwaga kwenye shina la mgomba. Nikashuka, nikaingia majini mpaka magotini, nikanawa uso. Halafu nikasema neno langu, na lilikuwa fupi.

"Wageni waje. Walale kule juu, karibu na shule, washuke kwa miguu kama sisi. Matete yasiguswe, ukuta usijengwe, na kila mtu abebe. Bwana Deo, mwanangu, karibu sana. Karai hili hapa."

Alicheka, akangoja wengine wacheke. Hawakucheka. Basi akakunja mikono ya shati lake jeupe, akajitwisha, akapanda. Alibeba vizuri tu, ana shingo nzuri. Lakini kutoka migombani hakurudi kwetu. Alishika njia ya barabarani. Karai tulilikuta juu ya tope lake. Mwenyekiti akaomba wanaokubali neno langu wanyooshe mikono, na hata yule mama aliyetamani taa alinyoosha wa kwake, ingawa wa mwisho.

Mchana ule Zuhura alinikanda shingo kwa mafuta ya nazi. Machozi yake yakawa yananidondokea mgongoni.

"Nilidhani utanilaani, bibi."

"Nilikaribia. Kwa nini hukuninong'oneza jana?"

"Ningekunong'oneza, leo tungeigiza. Watu wangejua."

Nikamvuta mbele yangu, nikamfuta pua kwa kanga ileile yenye tope, akazidi kuchafuka. Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

Jumapili nilirudi Mafiga na mkungu wa ndizi na shingo isiyogeuka. Shabani alinipokea getini. "Mama, vipi? Ulisema ndiyo?"

"Umeme haupandi," nikamjibu. "Nitolee kiti."

Alinuna siku nzima, na ana haki yake. Kule juu bado wanakoka moto na kuwasha vibatari, na mimi ndiye niliyesema. Siku zile mbili zilinifundisha jambo moja. Ziwa halilindwi na ukali wala ubao wa matangazo. Linalindwa na mtu anayekupenda, anayetetemeka mbele yako, na bado hakupishi. Wa kwetu tunaye, nami ndiye niliyemlea.