Mkono wa Baba na Samoni Wenye Mayai

Ningeweza kukataa. Bwana Dawson, mkubwa wa baba yangu kazini, aliponiinamia kwenye ujia wa kantini ya kiwanda, mkono wake mzito begani mwangu, akaniambia nimsaidie baba yangu kupiga kura upande wao, ningeweza kusema hapana, au kujifanya naumwa tumbo kama nilivyojifanya asubuhi nyingi za shule. Sikukataa. Nilitikisa kichwa kukubali, haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya zamani ikichanganyika na harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa mvua, narudi kwenye ujia ule, na hasira inanipanda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watu wema huniambia kwamba hiyo ni miaka michache. Si michache. Nilijua nilichokuwa nakifanya.

Tulikuwa tumeingia Walthamstow, mashariki ya London, mwaka mmoja kabla, mambo ya nyumbani Pemba yalipoharibika, tukakaa vyumba viwili juu ya duka la viatu, mkabala na soko. Baba, jina lake Salum, alikuwa fundi cherehani, na kazi aliipata kwenye kiwanda cha makoti mwisho wa barabara yetu. Kiwandani walimwita Sam. Salum liliwashinda kulitamka, au tuseme ukweli, hawakutaka kulijaribu. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, cha kushukuru na cha mambo ya kitambaa, basi. Kila kilichozidi hapo kilipita kinywani mwangu. Nilikuwa mdomo wake kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata kwa mwalimu wangu mwenyewe, ambaye malalamiko yake marefu juu yangu niliyatafsiri kwa ufupi sana. Baba alipenda kusema. Nyumbani alikuwa mtu wa kusimama harusini na misibani, akaongea, watu wakatulia. London ilimfanya bubu, na mimi nilikuwa dawa ya ububu wake. Aliniamini kama mtu anavyouamini ulimi wake.

Jumapili tulikwenda kuvua kwenye mto Lea. Baba hakuwahi kuwa mvuvi kwao, lakini kule kukaa kimya kando ya maji kulimpoza. Kilichomshangaza ni Waingereza. Mtu alikaa mvuani tangu asubuhi, akamnasa samaki mnene, akampiga picha, akambusu, kisha akamrudisha mtoni. "Hemed," Baba aliniuliza, "kosa la samaki huyu ni nini? Wamemtoboa mdomo, wamemtia aibu, halafu wanamwambia nenda zako?" Nilicheka mpaka nikaangusha mkate tuliokuja nao kwa chambo. Kwake mambo yalikuwa mawili tu: kama una njaa, mvue umle, kama huna, mwache na maisha yake. Lakini samoni, samaki wakubwa wanaotoka baharini na kupanda mito kuzaa, walikuwa habari nyingine. Klabu ya uvuvi ya kiwanda ilikuwa na kipande cha mto huko Wales, na samoni waliowapata kule hawakubusiwa. Walipigwa rungu fupi kichwani, wakaletwa London kwenye magazeti yaliyolowa, fahari ya kiwanda kizima.

Bwana Dawson, msimamizi wa sakafu ya cherehani na mwenyekiti wa klabu, alimpenda Baba kwa namna yake. Alimwingiza klabuni, na mwanzo wa msimu wa majani kupukutika akamletea samoni zawadi, mrefu kama mkono wangu. Mama alimweka kwenye sinki, akampasua tumbo, na mayai yakamwagika, mengi, ya rangi ya chungwa, yanang'aa kama shanga zilizokatika uzi. Baba aliacha kusoma Kurani yake, akaja, akasimama. "Huyu alikuwa anakwenda kuzaa," alisema.

"Sasa nifanyeje, Baba Hemed?" Mama akajibu, kisu mkononi. "Nimrudishe? Nimpitishe kwenye bomba?"

Tulicheka, hata yeye. Mama alimpika kwa tui la nazi ya unga, na Baba alikula, kwa sababu kutupa chakula ilikuwa dhambi kubwa zaidi. Lakini alikula akiwaza. Kesho yake nilitumwa nimuulize Bwana Dawson kama samoni wote wa wakati huu wa mwaka huwa na mayai. "Majike wote," alisema, akacheka. "Ndiyo maana hawana mbio."

Kumbe Baba hakuwa peke yake. Bwana Pugh, mkataji vitambaa mzee aliyezaliwa karibu na mto ule ule, alikuwa ameleta hoja kwenye klabu: wiki za mwisho za msimu, kila jike mwenye mayai arudishwe mtoni. Alisema mabwawa aliyoyajua utotoni yakiwa yamejaa samaki sasa yalikuwa matupu. Bwana Dawson alisema Pugh anazeeka tu, kwamba mto ule umevuliwa tangu enzi za babu zao na samoni hawajaisha, na kwamba mfanyakazi aliyeinamia cherehani mwaka mzima ana haki ya kurudi nyumbani na samaki. Kiwanda kiligawanyika katikati. Watu walibishana kwenye foleni ya chai, wengine wakaacha kukaa meza moja. Baba aliposikia kutakuwa na mkutano, alisema naye atasema. Wiki nzima alijizoeza mbele ya kioo cha Mama, kidole juu: "Ndugu zangu, mimi ni mgeni wenu, na mgeni hana amri ndani ya nyumba. Lakini anayemuua mama siku ya kujifungua hakuua mmoja." Mimi nilikuwa kitandani nikimsikiliza, na moyoni nilikuwa naungua kwa aibu. Akilini niliwaona wale wanaume wakimtazama. Nilijiona nikisimama kando yake na suruali yangu iliyoshonwa na yeye, nikisema maneno ya mimba na kujifungua kwa Kiingereza.

Ndipo ikaja siku ya ujia ule. Bwana Dawson alinisubiri pale, akaniambia Pugh akishinda, safari ya kufunga msimu haitakuwa na maana, watu hawataenda. Kama haitavunjika, nitakaa karibu naye kwenye basi na nitatumia ufito wake mwenyewe wa kuvulia. "Baba yako ni mtu mwema," alisema, "lakini hajui mambo yetu. Wewe unayajua. Wewe ni wa hapa." Hilo ndilo lililoninunua. Ufito niliutaka, lakini kuambiwa mimi ni wa hapa nilikutaka zaidi.

Baba alisimama akasema. Alisema vizuri kuliko mbele ya kioo, sauti yake ikajaa kantini, na watu wasioelewa hata neno moja wakaacha kutafuna. Alipomaliza, nilisema kwa Kiingereza: "Baba yangu anasema yeye ni mgeni, mto ni wenu, na atafuata anavyosema Bwana Dawson." Makofi yalilia upande mmoja. Baba akatabasamu, akaniinamishia kichwa kama anavyomshukuru mtu mzima. Kisha wakaitwa wanaokubali hoja ya Bwana Pugh wanyooshe mikono. Baba akaninong'oneza, "Ndiyo hii?"

"Bado, Baba."

Wakaitwa wanaoipinga.

"Sasa," nilisema. "Nyoosha."

Akanyoosha. Hakunyoosha kama wengine, kwa kiwiko kilicholegea. Alisimama wima akaupeleka mkono juu kabisa, vidole vimekazana. Hoja ya Bwana Pugh ilianguka, nami nikamwambia Baba tumeshinda.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha nyumbani, na ndizo zinazonichoma kupita zote. Baba alimhadithia kila Mzanzibari aliyepita mlangoni kwetu jinsi alivyowageuza Waingereza kwa maneno. "Hawa watu wanasikia," alisema, "ukisema nao kwa adabu." Mama alimtania kwamba sasa atagombea ubunge wa samaki. Kitu kimoja tu kilimsumbua: Bwana Pugh alikuwa ameacha kumsalimu. Alipita karibu na cherehani yake kila asubuhi bila kugeuza uso. Baba aliniuliza sababu. Nikasema labda mzee anaumwa meno.

Basi la klabu lilitupeleka Wales siku ya mwisho ya msimu. Bwana Pugh hakuja. Mto ulikuwa mwembamba, maji yake rangi ya chai ya rangi, yakipita juu ya changarawe kwa sauti ya watu wanaosengenya chumba cha pili. Baba alikwenda kukaa upande wa juu wa mto, mbali, na mkate wake wa chambo, wanaume wakacheka kwamba Sam anakwenda kuwalisha samoni kifungua kinywa. Mimi nilibaki na Bwana Dawson na ufito wake. Nami nilimnasa samoni. Siwezi kuikana furaha ile: uzito ule uliokuwa hai, mshipi ukiimba, wanaume wazima wakiniita jina langu, na wamelitamka sawasawa. Bwana Dawson alimvuta samaki ukingoni, akampiga rungu, akamlaza kwenye nyasi pamoja na wengine. Alipomlaza, tumbo likabonyea, na yale mayai ya rangi ya chungwa yakatoka yenyewe, polepole, yakashuka kwenye majani.

Baba alikuja kuangalia kelele za nini. Aliitazama safu ile ya samaki. Akaniuliza, "Mbona wanaua? Si tulikubaliana?" Nikainama kukunja mshipi. Akamgeukia Bwana Dawson na Kiingereza chake kidogo, akijishika tumbo, akapiga kelele, "Hapana! Mtoto! Mtoto!" Wanaume walicheka. Bwana Dawson hakucheka. Kwa kweli alishangaa. Akamwelekezea kidole. "Wewe, Sam," alisema, akitumia maneno madogo ambayo mgeni yeyote anayajua. "Wewe. Mkono. Juu." Na yeye mwenyewe akaunyoosha mkono wake hewani, mrefu, vidole vimekazana, vilevile alivyofanya Baba kantini.

Haikuhitaji tafsiri. Baba alitazama mkono ule, kisha akanitazama mimi. Alivua kofia ambayo Bwana Dawson alimwazima asubuhi, akaiweka kwenye nyasi kando ya samaki wangu, akaenda kukaa ndani ya basi.

Hakunipiga. Nyumbani aliniita mbele ya Mama. "Siku ile nilisema nini?"

"Ulisema wenye mayai warudishwe."

"Na wao walisikia nini?"

Nikamwambia. Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Baba akasema, "Basi. Nenda ukale." Niliposema nisamehe, alisema amesamehe, na naamini alisamehe kweli. Lakini tangu jioni ile hakunipa tena neno lake nilibebe. Barua ikija, aliiweka mfukoni mwa koti, akapanda treni mpaka Kingsbury kwa Mzee Popat, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la viungo aliyejua Kiswahili cha kwetu, amsomee kwenye kaunta. Nusu siku kwenda na kurudi, na mimi nimekaa mezani kwake na Kiingereza changu chote.

Sasa nina hasira mpya. Mwezi uliopita redioni walizungumza juu ya samoni, jinsi walivyopungua kwenye mito hii, na kwamba mahali pengi sasa kila utakayemvua lazima umrudishe, jike au dume. Watu walipiga simu wakagombana. Mmoja alilaumu vizimba vya samaki wa kufugwa, wale wale wanaouzwa kwa vipande hapa sokoni chini ya dirisha langu. Mwingine alilaumu maji machafu, mwingine sili, wale wanyama wa bahari wanaokula samaki, mwingine nyavu za mataifa mengine. Huenda wote ni wakweli. Mimi si mtaalamu wa mito. Kisha akaja mzee mmoja, mvuvi wa zamani, sauti ya watu wa kwetu hapa mashariki ya mji, akasema kwa upole, "Enzi zetu hatukujua."

Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Hamkujua? Mliambiwa! Pugh aliwaambia kwa lugha yenu, bila mkalimani, mkamwita kikongwe! Mjukuu wangu Nuru alitoka chumbani akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, kwamba redio haisikii, Babu. Kisha akaniuliza Pugh ni nani. Nikaizima redio. Kwa sababu palikuwa na mtu wa pili aliyewaambia, na huyo kwa kweli hawakumsikia, na waliomnyima kusikika si wao.

Nilimweleza Nuru yote, pamoja na hili la mwisho ambalo sikuwahi kulisema. Nilipokuwa na miaka kumi na minane Baba alianza kuumwa tumbo. Alikwenda hospitali peke yake. Mzee Popat alikuwa safarini. Alirudi akasema wamemwambia apumzike. Baadaye, alipokwisha kuzidiwa, tukajua alichoambiwa siku ile: arudi haraka sana apasuliwe. Aliambiwa vizuri, kwa Kiingereza, naye alitikisa kichwa kwa kila neno, kwa adabu. Mimi nilikuwa nyumbani asubuhi ile, nimeamka, nimevaa viatu. Alipita mlangoni kwangu na hakugonga.

Samoni wa mto ule walikuwa na maadui wengi, na sitajipa sifa ya kuwamaliza. Baba hakuwa na adui. Alikuwa na mkalimani mmoja, na baada ya mkono ule hakuweza kumtumia tena. Nilipata siku moja ya kuwa mtu wa hapa. Iligharimu maisha ya baba yangu.