Mbegu za Figiri ya Mama

Mpaka leo nikiona pakiti ya mbegu yenye picha ya mboga inayong'aa kama imepakwa mafuta, damu inanichemka. Watu wananiambia nina hasira za bure. Sawa, ni za bure, lakini ni zangu, na nitasema zilikotoka.

Nilizaliwa milimani, Umatengo, nikaolewa chini ziwani, karibu na Mbamba Bay. Siku ya kuondoka mama alinifungia kwenye pindo la kanga mbegu za figiri yake, ile yenye majani mapana na ukali unaopanda puani. Kwetu mbegu ya mboga haikuwa ya kuuzwa. Ulipewa, ukapanda, na baada ya mavuno ukamrudishia aliyekupa, ukiongeza kidogo. Mama naye alipewa hivyohivyo na mama yake.

Nilichukua beseni lililopasuka, nikalitoboa kwa msumari wa moto, nikajaza udongo. Kwa akili zangu za mlimani, nilitandika kwanza nyasi kavu chini, kama tunavyofukia nyasi kwenye ngoro, yale mashimo tunayolima miteremkoni. Kule kwenye baridi nyasi huoza zikawa mbolea. Huku ziwani, kwenye joto na mchanga, nilikuwa nimewaandalia mchwa karamu. Waliingia kwa matundu niliyoyatoboa mwenyewe, na miche ikaanza kulala mmoja mmoja. Mama mkwe alikuwa akipita pale kila asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini hakunionya, alisema, "Nilidhani ndivyo mnavyofanya kwenu, mwanangu." Nilimkasirikia kwa heshima, kichwa chini. Nilijikasirikia zaidi mimi, niliyemwaga mbegu zote kwa mara moja bila kubakiza hata kiganja.

Mche mmoja tu ulipona. Niliuhamishia kwenye kopo la maziwa, ulipopata nguvu nikaupanda nyuma ya jiko, nikawa naumwagilia maji ya kuoshea mchele.

Ulipoanza kutoa maua ilikuja barua ya mama, iliyoandikwa na katekista. Kaka yangu alikuwa ameuza kahawa vizuri. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wamefika na malori yao, na kaka akaona aibu jiko la mama kuwa la nyasi. Akaezeka bati. Dari ya kukaushia juu ya moto akaibomoa, na vibuyu vyeusi kwa masizi vilivyokuwa pale akavitupa shimoni, mbegu zikiwa ndani. Hakuuliza mtu. Mama alizunguka kwa majirani, kila mmoja akamwambia siku hizi anapanda za dukani. "Nategemea zako," iliandikwa. "Zikikomaa uniletee."

Basi ule mche ukawa roho yangu. Niliuegemeza kwenye mti, nikaufunga kwa kipande cha kanga, nikakataza mtu kuchuma hata jani. Vitumba vya mbegu vilijaa, vikabaki kijani, vikihitaji wiki mbili tatu za jua. Nilikwenda kuvitazama kabla hata ya kunawa uso.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta pale nyuma ya jiko pamelimwa, pamesawazishwa, pamemwagiwa maji. Mume wangu alikuwa amesimama na jembe, anatabasamu, pakiti tupu imechomekwa kwenye kijiti.

"Mke wangu, nimekuondolea lile gugu," alisema. "Lilishazeeka, halina hata jani la kula. Nimekupandia mboga za kisasa."

"Zile zilikuwa mbegu za mama."

"Mbegu? Mbegu si zimejaa dukani!"

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mume wangu kabla ya hapo wala baada ya hapo, lakini siku ile nilimtukana mpaka mama mkwe akatoka ndani akaziba masikio. Mume wangu hakuelewa kosa lake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko jembe lenyewe. Alikuwa amenifanyia wema. Kaka naye alikuwa amefanya wema. Wote wawili walikuwa wamechoka kukosa vitu, na sasa maduka yalikuwa yamejaa, wakaamini kila kitu kitapatikana humo.

Nilichakura lundo la takataka, nikavipata vitumba vimenyauka. Mbegu za ndani zilikuwa laini, zikipasuka na kutoa maji ukizibana. Nilizikausha hivyohivyo. Nilizilaza kwenye kitambaa kibichi siku kumi, na hakuna hata moja iliyochipua.

Nilipanda milimani, kwetu Mbinga, na pakiti ya dukani mkononi, maana sikuwa na kingine. Mama alikuwa amekaa chini ya bati lake jipya. Nilimwamkia, akaitikia, akakinga viganja vyote viwili. Nikammiminia zile mbegu. Zilikuwa na rangi ya waridi.

"Hizi zimepakwa nini?"

"Dawa, mama."

"Zilikuwa zinaumwa?"

Nikamweleza yote, mchwa, jembe, kitambaa kibichi. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilikuwa na majibu. Hakunigombeza. Alizirudisha zile mbegu kwenye pakiti taratibu, hakudondosha hata moja, akakunja mdomo wa pakiti.

"Kumbe ile niliyokula mwaka juzi ndiyo ilikuwa ya mwisho," alisema. "Ningejua, ningekula polepole."