Kipimo Kilichosubiri Dagaa

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu wa Nyasho, Pasaka iliyopita, mumewe akiwa pale pale anatazama ukuta.

Mumewe alijipima Ukimwi nyumbani kwa kile kipimo cha kupangusa fizi. Alielekezwa asome majibu baada ya dakika ishirini, zisizidi arobaini. Mara wingu likatanda, naye akakimbia kuanua dagaa. Aliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita, na kipimo kilionyesha mistari miwili, yaani ana virusi.

Akapiga magoti jikoni. "Mama watoto, nisamehe. Nilikuwaga napitia kwa mama mmoja pale Bunda."

Shangazi alifunika sufuria, akampeleka zahanati.

Muuguzi akauliza, "Mzee, ulisoma baada ya muda gani?"

"Nilipomaliza kuanua dagaa."

"Dagaa siyo saa, mzee! Kipimo kikikaa sana kinakauka, kinaweza kuchora mstari wa uongo. Ndiyo maana cha nyumbani peke yake hakitoshi, lazima turudie kwa damu."

Akawapima wote wawili. Hawakuwa na virusi.

Mzee akaruka. "Umeona, mama watoto? Kipimo kilidanganya!"

"Kilidanganya," shangazi akajibu. "Wewe ndiye uliyesema kweli."

Wasomaji wangu, someni majibu kwa wakati wake, na maungamo yasubiri muuguzi amalize.

Shangazi na mumewe wako hai. Mama wa Bunda naye yuko hai. Shangazi alikwenda mwenyewe kuhakikisha.