Mfagiaji na Ufa wa Lami

Fundi viatu wa pale kona amemzoea mfagiaji huyu, ila kumwelewa bado. Kila asubuhi mzee hushuka na barabara, mkono mmoja kiunoni, akiyasemesha majani kama watoto watundu: "Haya, twendeni, twendeni." Akifika kwenye ufa wa lami, pale kimji chao kilipokuwa kikiishia na jiji kuanza, huinua ufagio kana kwamba kuna ukuta, akageuka. Ng'ambo ya ufa taka zimejaa tele. Zamani kuishia hapo ilikuwa sawa. Kimji kilikuwa na meya wake, na hata gari lake la taka, bovu lakini lao. Sasa jiji limeshakimeza, na mzee mwenyewe kavaa fulana ya jiji. Leo fundi akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, mpaka si walishaufuta? Vuka tu, ufagie." Mzee akautazama ufa, akamtazama fundi. Akavuka, akafagia kidogo, akasimama. Mbele yake barabara ilinyooka, majengo nyuma ya majengo, mpaka macho yakachoka. Akarudi upande wake harakaharaka. "Haya, mwanangu, nimevuka," akasema akihema. "Sasa nikomee wapi?" Fundi akainua sindano amwonyeshe, kisha akaishusha.