Kigelegele cha Tatu cha Nyambura

Njahi, yale maharagwe meusi ya kumlisha mzazi, ikichemka nyumbani, jirani hahitaji kuambiwa kuna nini. Harufu yake nzito hutoka pamoja na moshi na kutangaza kwamba humo ndani kuna mwanamke aliyejifungua. Mwaka ule wa Hali ya Hatari ilitoka kwetu, katika kijiji wakoloni walichotusukumia karibu na Mto Ruiru, nyumba zimebanana, mtaro unachimbwa kutuzunguka, na baba yuko kizuizini. Mama alijifungua msichana alfajiri. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa mzima, mtoto mzima, lakini sikutulia, kwa sababu ya vigelegele.

Kwetu mtoto hupokewa kwa vigelegele: mvulana vitano, msichana vitatu. Kupunguza ni kama kumwambia arudi alikotoka. Sasa mkuu wa homgadi, wale walinzi wenyeji waliowekwa na serikali kutuchunga, alikuwa amevipiga marufuku. Ati ni ishara kwa wapiganaji wa msituni! Wanawake watatu walikuwa wamejifungua kabla ya mama, na watoto wao waliingia duniani kimya kama wezi. Jambo hilo lilimchoma cucu, mama yake mama, tuliyekuwa tukiishi naye. Mimi nilipewa jina la mama yake baba. Huyu wa pili alikuwa wa kuitwa Nyambura, jina la cucu. Naye cucu alilipata kwa nyanya yake, mjane aliyefyeka msitu hapo hapo mtaro ulipopita, mtoto mgongoni, huku mashemeji wakisema ataliwa na chui. Hakuliwa. Alilima mtama na viazi vikuu mpaka mashemeji hao hao wakaja kuomba mbegu. Hadithi hiyo nililishwa pamoja na uji.

Filimbi ya kazi ya lazima ilipolia asubuhi hiyo, cucu alibeba jembe kama wanawake wengine, nami nikamfuata na maji. Mkuu alisimama ukingoni na kiboko chake. Cucu alichimba kidogo, akalaza jembe, akajipangusa mdomo kwa leso, akapiga cha kwanza. Ngai wangu! Majembe yote yakasimama.

“Wewe mama, nyamaza!”

“Nimepata mjukuu,” cucu akamjibu. “Ni vitatu tu, halafu nichimbe.” Akapiga cha pili.

Kiboko kilimpata begani, kisha mdomoni. Alipiga magoti kwenye udongo, akajaribu tena, ikatoka pumzi na damu. Vikaishia viwili. Nilimwona dada yangu amekwama mlangoni mwa dunia, na nikamchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Bado namchukia, na sitaomba radhi.

Ndipo cha tatu kilipotoka mwisho wa mtaro. Aliyekipiga alikuwa mmoja wa wale watatu waliojifungua kimya, na hakuishia hapo: akaendelea na vitano vya mwanawe. Mkuu alipomkimbilia, mwingine akaanza vya kwake nyuma yake, naye wa tatu akadakia, wanawake wote wakihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mkuu alizunguka na kiboko chake asijue ampige nani. Tulifungiwa siku mbili bila kwenda shambani. Cucu alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, na kila aliyempa pole alimjibu kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Leo mahali pale pana nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Vigelegele siku hizi hupigwa ovyo kwenye keki, bila hesabu, na hakuna anayechapwa. Hati ya ardhi hiyo ina majina ya watu wengine. Juzi nilikwenda Thika kwa wakili kuulizia, kijana mpole, akapekua makaratasi yake, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba huyo mjane aliwahi hata kuishi. Nilifungua mlango, nikaita kwa sauti iliyofika barabarani, “Nyambura, ingia!” Akaingia dada yangu na mkongojo wake, na nyuma yake mjukuu wake, ambaye naye alikuwa ameitika.