Kura ya Vifuniko vya Soda

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto na mashua moja. Mimi ni mtu wa Nkubu, kule milimani, nimeolewa huku chini Mbeere, na maji ya bwawa sijawahi kuyazoea. Kwa hiyo aliyevua ni shemeji, mdogo wake marehemu. Mimi niliuza samaki.

Ukingo wa bwawa si sawa kote. Kuna kipande kifupi cha mchanga ambapo pikapu za wanunuzi hufika hadi majini. Kwingine ni mawe na matete, na viboko hupandia huko wakienda kula. Kila mtu anataka kufunga mashua mchangani, ndiyo maana kikundi chetu hupiga kura kila msimu: vifuniko vya soda vilivyokwaruzwa namba za nafasi kwa ndani hutiwa kwenye sufuria, sufuria inafunikwa leso, kila mwenye mashua anaingiza mkono.

Misimu mitatu mfululizo shemeji alirudi na nafasi ya mchangani. Mara ya tatu nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu hasahau wajane.

Msimu uliofuata shemeji alishikwa na malaria, nikaenda kwenye kura mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Nilipoingiza mkono chini ya leso, vifuniko vilikuwa na joto la sufuria, isipokuwa kimoja. Kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye friji. Nilishtuka nikakitoa.

Mwenyekiti wa kikundi, aliyeshika sufuria, aliniangalia kama mtu aliyeona nyoka.

"Mama, rudisha hicho. Chukua kingine."

"Kwa nini, na nimeshakishika?"

"Hujakoroga vizuri. Rudisha tu."

Nyuma yake niliona sanduku la barafu la samaki, mfuniko wake ukiwa wazi kidogo. Bado sikuelewa. Nilimpa kile kifuniko mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambaye tangu nimjue hufunga mashua kwenye mawe, na nyavu zake zimeraruliwa na viboko zaidi ya mara moja.

"Mzee, hebu shika. Ni mkono wangu ama ni baridi kweli?"

Alikifumbata kiganjani. Halafu, bila kuomba ruhusa, akaivuta ile leso na kuanza kugusa vifuniko kimoja kimoja. Vya baridi akaviweka kando na kuvigeuza. Vyote vilikuwa namba za mchangani.

Hakupiga kelele. Aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, akasema, "Kumbe si bahati mbaya."

Wengine ndio walipiga kelele. Mwenyekiti alishikwa shati, akaponea chupuchupu kutupwa majini. Mwishowe vifuniko vilitumbukizwa vyote pamoja kwenye maji ya bwawa, kura ikarudiwa, mama mmoja muuza chai akishika sufuria. Nilitoa namba ya mawe. Yule mzee naye akatoa mawe tena! Alicheka mpaka akakohoa. "Hii sasa ni bahati yangu mwenyewe," alisema.

Nilirudi nyumbani nikipumua kama niliyekimbia. Shemeji alikuwa amejifunika blanketi. Nilimweleza yote, nikingoja ashangae pamoja nami. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Kwa nini hukukirudisha tu?"



"Shemeji, ulijua?"

"Unadhani bahati yetu ilikuwa ikitoka wapi?" Aligeukia ukutani. "Nilikuwa nawatafutia watoto wa ndugu yangu. Ningekuambia, ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Lakini kilichonishtua ni jinsi alivyolisema, kwa upole, kama mtu anayeeleza mahali alipoweka jembe.

Alipopona alihamisha mashua hadi kwenye mawe bila kunitazama. Anaendelea kuvua, nami naendelea kuuza. Sasa nabeba beseni kichwani hadi zinaposimama pikapu. Tunasalimiana vizuri. Ila akiniambia siku hizi kwamba samaki wamekuwa wengi, huwa nateremka mwenyewe kuangalia.