Vigari Vyangu Kwenye Begi la Masolo

Kila nikisikia magurudumu madogo ya chuma yakikwaruza sakafu ya saruji, hata kama ni mtoto wa jirani tu anayecheza kibarazani, mwili hunisisimka kwanza, ndipo nikacheka. Nanyi nawaomba mngoje kidogo kabla ya kucheka.

Tulikaa Jinja, Uganda, katika nyumba za polisi, kwa sababu baba alikuwa askari. Televisheni ilikuwa moja, ya mama jirani mwenye moyo mkunjufu, na jioni za Jumamosi sakafu yake ilijaa watoto mpaka mlangoni. Wenzangu walipenda wapelelezi na majambazi. Mimi nilipenda magari. Kulikuwa na pikapu nyekundu ya wapelelezi wawili waliogombana kila wiki, na gari la wagonjwa ambalo halikuwahi kufika mapema hata siku moja. Nilipogundua kwamba magari hayohayo hutengenezwa madogo, ya chuma, na kwamba huja yamejificha katika marobota ya mitumba pamoja na midoli isiyo na vichwa, sikutulia tena. Mama mmoja muuza mitumba alinizoea: nilimkunjia nguo, naye akaniacha nifukue chini ya rundo. Chini ya kila kigari paliandikwa 1/64. Baba akanieleza kwamba ukipanga vigari sitini na vinne kama hicho, pua kwa mkia, utapata urefu wa gari lenyewe. Nilikosa usingizi kwa kuwaza nitavipata wapi.

Kaka yangu Masolo, aliyenizidi umri kwa mbali, hakuvigusa kamwe. Kazi yake ilikuwa kunitania kwamba nitaolewa na makanika.

Ukafika mwaka wake wa kutahiriwa. Sisi ni Wagisu, na kijana wetu hutahiriwa akiwa mkubwa, hadharani, amesimama, bila kupepesa jicho. Tukaenda Mbale, nyumbani kwa baba mkubwa, mtaa wa Nabuyonga. Sikuthubutu kuviacha vigari vyangu Jinja, maana watoto wa kambini walikuwa na mikono mirefu, na mfuko wangu ulijaa vyombo vya mama. Masolo akavitia kwenye begi lake, kila kimoja ndani ya soksi.

Baba mkubwa alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kuwapa amri hata kuku. Siku yenyewe uwanja ulijaa ndugu asubuhi na mapema. Masolo alikuwa amepakwa unga wa mtama uliochachuka tangu kichwani hadi kifuani, njuga zikilia mapajani. Baba mkubwa akafungua begi kutafuta shuka la kumfunika baadaye, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa pikapu nyekundu. Akaiinua juu ili kila mtu aione.

"Nyinyi angalia," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Mwanaume nakuja kwa kisu na motoka ya watoto."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sasa mjue kwamba siku hiyo watu huwinda dalili yoyote ya woga, na kijana anayechekwa asubuhi hutiliwa shaka mpaka mwisho. Nikapenya katikati ya miguu yao nikasema kwa sauti kwamba vigari ni vyangu. Baba mkubwa akanishika kichwa kwa upole, akawaambia watu wamtazame binti mwenye adabu anavyomfichia kaka yake aibu. Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na nikapongezwa kwa uongo.

Kisha akawagawia watoto vigari vyote. Alisema mwanaume haweki vya kuchezea, na hadi leo sijui kama hiyo ni mila yetu au ilizaliwa kichwani mwake asubuhi ile. Nikaliona gari langu la wagonjwa likiingia kinywani mwa mtoto anayeota meno. Nikamtazama Masolo anitetee. Alitazama mbele tu. Nilimchukia. Mama akaninong'oneza kwamba leo kaka yako akianza kujieleza, watasema anakiogopa kisu.

Sisi wasichana tulipelekwa nyuma ya nyumba. Filimbi ya ngariba ilipolia na vigelegele kupanda, tukajua amesimama imara. Tuliporudi alikuwa ameketi kwenye kigoda, shuka mabegani, jasho likimchuruzika. Baba mkubwa, machozi ya furaha mashavuni, akamwambia aseme anataka zawadi gani. Swali lilikuwa la heshima tu. Jibu lilikuwa limefungwa kamba kwenye uzio, ndama jike mweusi aliyenona.

"Mimi nataka ile motoka," Masolo akasema polepole. "Yote. Ni ya dada yangu."

Mama akashika kichwa. Baba mkubwa akamtazama ndama, akanitazama mimi, kinywa wazi.

"Wewe nasema motoka?"

"Motoka, afande."

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kumeza neno lake. Watoto waliitwa, vigari vikatoka mifukoni na vinywani, pikapu ikiwa imepoteza gurudumu. Ndama akafunguliwa akarudishwa zizini, na tangu siku hiyo Nabuyonga nzima humwita kaka yangu Motoka. Mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, niliona amefanya biashara nzuri sana.

Miaka ikapita. Nikiwa mtu mzima tayari, nilikwenda tena Mbale siku mahari ya binamu yetu, mtoto wa kiume wa baba mkubwa, ilipokuwa ikipelekwa kwa wakwe zake. Ng'ombe walitoka langoni mmoja mmoja, na baba mkubwa akanieleza kwa fahari kwamba wote ni uzao wa yule ndama mweusi. Masolo, ambaye kwa kukosa mahari alikuwa bado hajaoa, ndiye aliyekuwa akiwaswaga. Aliponiona nimesimama kando ya njia nikilia, akaweka fimbo chini, akaja akaniuliza nani kanipiga.